Kopo la Mama Mkwe

Munyemana alikuwa amechoka, na si uchovu ule wa kulala ukaamka umekwisha. Wake ulikuwa umehamia kwenye magoti, na magoti ndiyo yaliyokuwa yakimlisha. Kila asubuhi alipanda vilima vya Rwimbogo na mfuko wa makopo matupu, na kila mchana akateremka na makopo yaliyojaa. Kilichokuwamo tusikifiche kwa maneno ya hospitali: yalikuwa mavi. Mavi ya wazee, ya wanafunzi, ya mwenyekiti wa ushirika wa mpunga na ya mke wake. Wenye mali waliyaita kwa adabu, “ile kitu.” Mbebaji wakamwita Papa Mavi, bila adabu yoyote.

Utafiti ulitaka kujua nani ana kichocho cha tumbo, na kinamkalia mtu zaidi katika umri gani. Minyoo yake hutoka kwenye maji ya mifereji ya mpunga, ikapenya ngozi ya mguu bila hodi, ikajipangia makao katika mishipa ya damu. Mayai yake hutoka na choo. Kwa hiyo kila mtu kuanzia miaka mitano aliombwa vitu viwili, tone la damu la kidoleni na kopo. Damu watu waliitoa wakicheka na kusukumana. Kopo ndilo lililokuwa vita.

Hata hivyo, kilichomnyima Munyemana usingizi hakikuwa makopo. Ni binti yake. Izabayo alikuwa na miaka minne, tumbo la mwenye shibe na mikono ya mwenye njaa. Zamani alikuwa mtoto wa kukimbiza kuku hadi kuku wakaomba amani. Siku hizi aliwatazama tu wakipita. Alitibiwa malaria, akapona malaria ambayo labda hakuwa nayo. Akapewa kidonge kile cha minyoo ya kawaida, tumbo likabaki palepale. Choo chake kilikuwa na damu siku moja, siku nyingine hakina, na pale kijijini jambo lolote linalotokea kati ya kifua na magoti huitwa nyoka. Nyoka zimeamka, nyoka zimelala, nyoka zimekasirika kwa sababu ya maharage. Majirani walimwambia Munyemana asihangaike, hakuna mtoto asiye na nyoka tumboni. Naye alihangaika, maana alikuwa ameanza kuogopa kwamba huyu mtoto atamponyoka mbele ya macho.

Izabayo alikuwa akiishi kwa bibi yake mzaa mama. Mama yake, Emerance, alikuwa amepata kazi ya kushona nguo mjini Kamembe na alirudi Jumamosi kwa Jumamosi. Baba, kwa kazi ile, alilala kwenye kilima chochote ambako jua lilimchwea. Nani amlee mtoto? Ni koko wake, kama watoto wa pale wanavyomwita bibi.

Na hapo ndipo tunapomfikia Vénantie, mama mkwe wa Munyemana. Vijana wa sasa hupiga selfi na mama wakwe zao, wakala nao sahani moja, na mbingu hazianguki. Vénantie hakuwa wa kundi hilo. Alizaliwa ng’ambo, Kamanyola ya Kongo, akarudi Rwanda na godoro moja na adabu zake zote. Godoro lilishaoza, adabu zikabaki nzima. Hakulitamka jina la mkwewe, wala mkwe hakulitamka lake. Hawakuonana wakila. Hawakutazamana usoni. Na walipokuwa na neno la kuambiana, na watu hawakosi neno, walilipitisha kwa mtoto.

“Iza, ambia papa yako aikale, chai iko karibu.”

“Papa, koko anasema uikale.”

“Ambia koko asante, niko na haraka.”

“Koko, papa iko na haraka.”

“Nimesikia,” angejibu Vénantie, ambaye muda wote alikuwa hatua tatu kutoka hapo, akimwaga chai.

Ilikuwa njia ndefu ya kusema jambo fupi, kwamba mtu akae anywe chai, lakini Munyemana aliipenda kwa siri. Mtoto aliyaonea fahari maneno aliyobebeshwa, akayafikisha kwa sauti ya mkuu wa wilaya. Hata alipoanza kudhoofika, kazi hiyo hakuiacha.

Siku Munyemana alipofika na kopo la mama mkwe, hakumkabidhi. Angewezaje? Aliliweka juu ya jiwe la kufulia, akakohoa, akageuka akaenda zake. Kesho yake alilikuta juu ya jiwe lilelile, limefungwa kwa jani la mgomba na kamba ya jani hilohilo, kama zawadi ya posa. Akalitia mfukoni bila kulitazama, akamshukuru Mungu kwamba hilo limepita.

Halikupita. Majibu yalirudi na kopo lile lilikuwa na mayai mengi mno. Wenye mayai walipewa dawa, vidonge vinne vikubwa vichungu, na sharti lilikuwa moja: mgawaji amwone mgonjwa akimeza. Munyemana akasimama uani kwa mama mkwe na vidonge vyake mkononi, akatamani ardhi impasukie. Mkwe kumtazama mama mkwe akifungua kinywa! Akavipitisha vidonge kwa Izabayo, Izabayo akavipeleka kwa koko, na Munyemana akageukia mihogo. Alisikia maji yakishuka kooni nyuma yake, mara nne.

“Ambia koko amefanya vizuri sana,” alisema kwa mihogo.

Kisha akaandika kwamba mgonjwa amemeza mbele yake. Mbele yake, yaani nyuma yake.

Majuma kadhaa yalipita, likaja kopo la pili, lile la kuhakikisha kwamba dawa imefanya kazi. Nalo lilikutwa juu ya jiwe, limevishwa jani. Munyemana akalibeba, akateremka. Siku hiyo Izabayo hakutoka kumsindikiza hadi kwenye mgomba wa mwisho. Alikaa mlangoni akapunga mkono mara moja tu.

Aliyempigia simu aje, baada ya hapo, ni Uwamwezi. Huyu ndiye aliyekuwa akipiga hesabu za utafiti, binti aliyekulia Bukavu, akasoma mpaka vitabu vikaomba kupumzika. Alikodi chumba kando ya barabara ya Ruhwa, pale malori yanaposubiri kuvuka kwenda Burundi, na ndani yake mlikuwa na meza, kompyuta, na mkeka aliolalia hesabu zikimshinda. Macho yake yalikuwa mekundu. Munyemana alimpenda kwa sababu hakumwita Papa Mavi hata siku moja.

“Papa Munyemana, ikala. Angalia hii kilima.”

Kwenye kompyuta palikuwa na nukta nyingi, kila nukta mtu mmoja. Zilianzia chini upande wa watoto wa miaka mitano, zikapanda, zikafika kileleni kwa watoto wa miaka kumi na kitu, halafu zikateremka taratibu hadi kwa wazee. Munyemana alikitazama kilima hicho. Alikuwa amekipanda na kukishuka kwa magoti yake mwenyewe bila kujua kina umbo hilo.

“Hii ni mayai yenye tulipata mu kopo,” Uwamwezi alisema. “Batoto bako nayo mingi. Bakubwa bako nayo kidogo. Unajua juu ya nini?”

“Ju bakubwa banaogopa maji?”

“Wapi! Ni bakubwa njo banashinda mu maji, banapanda mupunga. Hapana. Ni mwili. Ile nyoka inaikalaka mu damu miaka na miaka, na inajificha muzuri, mwili haiione. Lakini siku moja inakufa. Ikikufa, njo mwili inaiona vile iko. Ikikufa ingine, mwili inaiona tena. Mwili iko mwanafunzi muzito, Papa Munyemana. Inarudilia darasa miaka kumi, miaka kumi na tano. Lakini ikishajua, inajua. Nyoka mupya ikikuja, inaikuta mulango imefungwa.”

Munyemana aliitikia kwa kichwa. Alikuwa amesoma na wanafunzi wa namna hiyo, na mmoja alikuwa yeye.

“Sasa angalia huyu.” Uwamwezi aliweka kidole kwenye nukta moja iliyokaa peke yake, juu sana, upande wa wazee, mahali ambapo kilima kilikuwa kimeshateremka. “Ni mama ya miaka makumi sita na kitu. Damu yake iko ya muzee kabisa, kinga imejaa. Huyu mwili yake ilimaliza masomo zamani. Lakini kopo yake iko na mayai sawa ya mutoto. Na kopo ya pili, vilevile. Na dawa alikunywa.”

“Alimeza mbele yangu,” Munyemana alisema, haraka kidogo kuliko ilivyotakiwa.

“Minajua, uliandika. Njo maana silale. Ama dawa imeshindwa huku kwetu, na nikisema vile watu watakuja na magari. Ama damu na kopo haiko ya muntu moja.”

“Si unaweza futa ile nukta?” Munyemana aliuliza. “Ni moja tu.”

Uwamwezi alimtazama kwa macho yake mekundu, akatikisa kichwa polepole.

“Kila nukta ni muntu. Nikifuta ule mwenye ananisumbua, nitabakia na kilima muzuri ya uongo. Mi nataka unisaidie tu, urudie ku ile nyumba, uulize.” Akafikicha macho. “Ungenipa ile kopo bila kusema ni ya nani, mi ningesema: hii ni ya mutoto. Mutoto mudogo, miaka ine, tano. Mutoto mwenye mwili yake haijajifunza ata kitu.”

Munyemana aliinama kusoma namba iliyokuwa chini ya kidole cha Uwamwezi. Aliijua namba ile. Aliiandika mwenyewe juu ya kifuniko kabla ya kuliweka kopo kwenye jiwe la kufulia. Lori moja likapiga honi ndefu barabarani, na alishukuru kwamba kwa muda ule hakuna aliyeweza kusema.

“Mu ile nyumba kuko mutoto?” Uwamwezi aliuliza honi ilipokwisha.

“Kuko.”

“Ya nani?”

“Ya mi,” alisema Munyemana.

Alichukua pikipiki hadi pale barabara inapokata tamaa, halafu akapanda kwa miguu. Siku nyingine angepumzika kwenye kona ya kwanza. Siku hiyo hakupumzika, na kila hatua ilimtwangia neno lilelile. Ni yeye aliyebeba. Mara mbili alikuwa ameubeba ugonjwa wa mwanawe mgongoni, akauteremsha kilima, akaukabidhi, akapewa jibu na dawa juu yake, kisha dawa ya mtoto akaipeleka kwa mtu mwingine na kusema umefanya vizuri. Kikulacho ki nguoni mwako, hivyo husemwa. Chake kilikuwa mfukoni, kimefungwa jani la mgomba.

Alimkasirikia mama mkwe. Alimkasirikia sana, akapanga maneno, akayapanga upya. Lakini maneno hayo angeyasema kwa mdomo gani? Kwamba, mama, yale mavi yalikuwa ya nani? Tangu milima hii iumbwe, kuna mkwe aliyewahi kuuliza swali hilo akabaki mkwe? Mficha uchi hazai, walisema wazee. Mficha kopo hawakumtaja, labda hawakudhani angetokea.

Alimkuta Vénantie amekaa kizingitini anachambua maharage kwenye ungo. Izabayo alikuwa amelala kwenye mkeka chini ya paa, amefunikwa kitenge hadi kidevuni ingawa jua lilikuwa bado linawaka. Macho yake yalikuwa nusu wazi.

Munyemana alipiga goti kando ya mkeka, mgongo wake kwa mama mkwe, kama adabu ilivyotaka.

“Iza. Ambia koko nimefika.”

Mtoto alimtazama. Midomo ilijaribu kitu, ikaacha.

“Iza,” alisema Vénantie kutoka mlangoni, “ambia papa yako mutoto amechoka leo.”

Basi wakangoja. Watu wazima wawili, wenye akili zao, wakamngoja mtoto mgonjwa ampelekee mmoja habari kwamba mtoto ni mgonjwa. Izabayo alifumba macho. Kuku alipita karibu na mguu wake, akadonoa harage lililoanguka, akaenda zake bila kukimbizwa.

“Iza, ambia koko kama kuko kintu nilitaka kuuliza,” Munyemana alisema. “Ambia koko ile kopo…”

Hakumaliza. Hakuna aliyelibeba neno lile, likabaki hapo uani katikati yao. Aliona aibu, na chini ya aibu aliona hofu, na hofu ilikuwa kubwa zaidi, lakini ulimi ulikuwa ukiitii aibu. Ndivyo tulivyo. Nyumba inaungua nasi tunatafuta shati la kutokea.

Maharage yalikuwa yameacha kulia kwenye ungo.

“Munyemana.”

Aligeuka kabla hajajua kwamba amegeuka. Tangu amuoe Emerance hakuwahi kulisikia jina lake kutoka kinywa kile. Hata kanisani siku ya harusi alikuwa “ule kijana.” Vénantie alikuwa anamtazama usoni, na mikono yake ilikuwa imeushika ungo kana kwamba utaruka.

“Ile mavi ilikuwa ya mutoto,” alisema.

“Zote mbili?”

“Zote mbili. Ningefanya vipi? Mukwe wangu abebe mavi yangu mu mufuko? Apite nayo ku njia, afike kule, bafungue, baseme hii ni ya mama ya muke yako? Mi muntu mukubwa?” Alimeza mate. “Nikaona ya mutoto. Ya mutoto haina aibu, kila mama ameishikaka. Nikasema mavi ni mavi. Sikujua kama inasema.”

Huko barabara ya Ruhwa kulikuwa na binti mwenye macho mekundu ambaye kazi yake yote ilikuwa kusikiliza yanavyosema.

“Na dawa?” aliuliza. “Ulipatia mutoto ile dawa?” Vidonge vile vilipimwa kwa mwili wa mtu mzima.

“Ya jina yangu? Hapana, Mungu ananiona. Nilimeza. Uligeuka kule ku mihogo, ukanisifu, ningesema nini? Nirudishe, niseme haiko ya mi?” Sasa alikuwa analia, bila sauti, maana naye alikuwa wa kulia bila sauti. “Nilitapika mupaka asubuhi. Nikasema basi, Mungu amenipiga juu ya uongo, sasa imeisha. Kumbe haikunipiga mi. Ilipiga mutoto.”

“Uliambia Emerance mutoto haingiake mu maji. Ulisema anaikalaka ku kando, anakungoja.”

“Anaingiaka. Kila siku. Niko napanda mupunga, yeye iko mu mufereji, anashika batoto ba vyura. Namuita, anacheka. Ningeambia mukwe wangu kama mutoto yake amenishinda?”

Alitaka kukasirika. Hasira ilikuwa haki yake na alikuwa ameitayarisha kilima kizima. Lakini kila alipotaka kuianza aliona mihogo, ile mihogo aliyoikodolea macho huku mzee wa watu akimeza uchungu ambao haukuwa wake. Mmoja alificha, mwingine akageuka. Mtoto alikuwa amelala katikati ya heshima zao mbili.

“Mama,” alisema, na hilo pia hakuwahi kumwambia, “nipatie kitenge.”

Vénantie aliuweka ungo chini. Alimwinua mtoto, akamvika vizuri, akamweka mikononi mwa baba yake. Mikono yake iligusa mikono ya mkwewe na hakuna aliyeiondoa upesi. Kisha akavaa kandambili, akafunga mlango kwa kamba, akamfuata nyuma kuteremka kilima. Munyemana alimsikia akihema. Akapunguza mwendo bila kusema lolote, na hivyo ndivyo walivyokwenda.

Kwenye kituo cha afya walimkuta Ladislas, muuguzi mtaratibu ambaye hakuna ugonjwa uliowahi kumshangaza. Alisikiliza. Alimpima mtoto uzito, akachukua choo, akatoweka nyuma ya mlango, akarudi.

“Nyoka iko mingi,” alisema. “Na si ya kumuchezea. Ini imeanza kuvimba. Lakini mumekuja, na hii inaponaka.”

Vénantie alikaa chini kwenye benchi. Munyemana alibaki amesimama, kwa sababu alijua magoti yake, yakikaa, hayainuki.

Ladislas alikikata kidonge kwa wembe kulingana na uzito wa mtoto, akakiponda, akakikoroga na ndizi mbivu kwenye kikombe. Izabayo aliikataa ndizi ya kwanza na kuitema kwenye shati la baba yake. Ladislas akatengeneza nyingine bila kununa.

“Mutoto huyu bado hajafika miaka mitano,” alisema, “kwa hiyo haiko mu ile liste yenu. Lakini sharti ni ilelile. Nataka muntu wa kuona kama amemeza.”

Munyemana alimtazama binti yake. Vénantie alikuwa ameinuka kutoka kwenye benchi, akaja kusimama upande wa pili wa kitanda, uso kwa uso na mkwewe, karibu kiasi cha kusikiana pumzi. Kijiko kiliingia. Mtoto alikunja uso, akatoa machozi, akameza. Akafungua kinywa kuonyesha kwamba hakuna kilichobaki. Safari hii hakuna aliyegeuka.

Usiku huohuo alitapika kidogo, siku ya tatu akaomba ugali, na juma lililofuata kuku walianza tena kuwa na maadui. Tumbo lilichukua muda zaidi. Ladislas alisema ini halina haraka, na kwamba kama mtoto atarudi kwenye mfereji, nyoka watarudi naye. Kwa hiyo Emerance alikuja kutoka Kamembe, akalia, akamgombeza mama yake, akamgombeza mume wake, akanunua kamba ndefu laini ya kumfungia mtoto kwenye mgomba saa za kupanda mpunga. Kamba haikudumu hata siku mbili. Sasa Izabayo anashinda kwa jirani asiye na shamba bondeni, na jirani analalamika.

Uwamwezi hakuifuta ile nukta. Aliitoa kwa wazee akaihamishia mahali pake, kwa watoto wa miaka minne, upande wa kushoto ambako mchoro ulikuwa hauna kitu, kwa sababu hakuna aliyewahi kuwauliza. Ilikaa pale peke yake, juu.

“Kilima yetu haikuanzia ku miaka mitano, Papa Munyemana,” alisema. “Sisi njo tulianzia pale.”

Maana yake, kama ilivyo kawaida ya mambo ya maana, ilikuwa kazi zaidi. Watoto wadogo wote wa bondeni nao walitakiwa watoe makopo. Munyemana aliusikia mzigo huo kwenye magoti kabla haujafika. Hakulalamika, lakini pia hakufurahi. Alikuwa amechoka vilevile.

Na mama yule wa miaka makumi sita na kitu, ambaye damu yake ilijulikana na kopo lake halikujulikana, alibaki bila nukta. Uwamwezi aliomba, kama inawezekana, na kama si vibaya. Munyemana alijibu kwamba ataona. Aliliweka kopo tupu juu ya jiwe la kufulia, akakohoa, akaenda zake. Kuna mambo hayabadiliki kwa siku moja.

Asubuhi iliyofuata alipofika, jiwe lilikuwa tupu. Alisimama uani, asijue atazame wapi. Izabayo alitoka ndani mbio, vumbi miguuni, akasimama mbele yake kifua wazi na sauti yake ya mkuu wa wilaya.

“Papa! Koko anasema…”

“Wee, nyamaza,” alisema Vénantie akitokea mlangoni. “Nitamuambia mwenyewe.”

Alivuka uani. Kopo lilikuwa mkononi mwake, bila jani. Alikuwa amelishika mbali kidogo na mwili, kichwa juu, uso umekakamaa kwa aibu yote iliyopo duniani.

“Munyemana,” alisema. “Hii ni ya mi.”

Munyemana alilipokea kwa mikono miwili, kama mtu anavyopokea kitu cha mkwe, akaliweka mfukoni pamoja na mengine.